Kukandika Upya Nyumba ya Vita

Kwa nini mtu aihangaikie nyumba ya kale iliyopitiwa na vita? Swali hili huja kila waamini wanapoketi pamoja, wazee kwa vijana, na mazungumzo yakafika kwenye majengo ya kale ya Karema, kule ziwani. Wazee husema tuyatunze. Vijana hujibu kwamba yalianzishwa na watu wa mfalme wa Ubelgiji, na kwamba vijijini kwetu kuna watoto wanaokosa dawa. Pande zote mbili zina hoja, na hoja hizo hazimalizwi kwa kusema tu kwamba historia ni muhimu.

Tuanze na vijana, maana wanachosema ni kweli. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili aliita mkutano Brussels, ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, na mwaka 1879 Kapteni Cambier akaanzisha kituo cha jumuiya hiyo Karema. Walisema wamekuja kwa ajili ya elimu na kukomesha biashara ya utumwa. Walichojenga kilikuwa ngome. Hawakuwa na woga wa bure: mwaka 1880 watu wawili wa msafara wao, Carter na Cadenhead, waliuawa Mpimbwe, huko huko tunakokwenda leo kununua mchele, wakati majeshi ya Mirambo yalipoishambulia nchi ile. (Carter ndiye aliyeletwa na tembo wanne kutoka India, wafundishwe kubeba mizigo badala ya wapagazi. Tembo mmoja tu ndiye aliyefika Karema.) Leopold naye tunajua alikoishia. Jina lake huko Kongo limebaki jina la mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa.

Baada ya Mkutano wa Berlin, mwaka 1885, kituo cha Karema kilikabidhiwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Bendera ilibadilika, lakini vita havikubadilika. Mwaka 1886 alikuja Kapteni Joubert, zamani askari wa Papa, kuwalinda kwa bunduki wamisionari na watu waliokimbilia kwao, kwanza hapa na kisha ng'ambo ya ziwa, upande wa Mpala. Sala za asubuhi zilisaliwa ndani ya kuta za ngome. Tunapoitaja Karema kuwa chimbuko la imani yetu, tukumbuke kwamba chimbuko hilo lilikuwa na lindo mlangoni.

Hiyo ndiyo nyumba tunayoizungumzia. Udongo wake ni wa hapo hapo, na waliofyatua matofali yake na kubeba miti yake hawakuandikwa majina. Hata ziwa limeiacha: miaka ile maji yalikuwa juu sana, kisha yakafunguka kwa mto Lukuga upande wa magharibi, yakashuka, na kituo kilichojengwa karibu na ufuko kikajikuta mbali na maji.

Mwaka 1889 akaingia humo kijana mmoja, Adrian Atiman. Alizaliwa mbali, kando ya mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa. Wamisionari walimkomboa, akasomeshwa udaktari Malta, akaletwa Karema akiwa daktari na katekista. Alioa binti wa mtemi wa Kibende, na mtoto wao, Joseph Mbuya, akapadrishwa mwaka 1923. Atiman aliwatibu watu wa ziwa kwa miaka 67, kwa dawa za Ulaya na kwa dawa za miti alizojifunza kwa waganga wa hapa, hata alipofariki mwaka 1956. Basi tuseme nini juu ya kuta zile? Ziliinuliwa ili bunduki zipate mahali pa kusimama. Lakini kwa zaidi ya nusu karne mtu aliyewahi kuuzwa kama mbuzi alisimama humo akiosha vidonda vya wengine. Hatuoni namna ya kubomoa habari ya kwanza bila kuibomoa na hii ya pili.

Karema ina ndugu. Ukipanda treni Mpanda, ukapita Kaliua na kushuka Tabora, utafika Kwihara, nje kidogo ya mji. Hapo pana tembe ambalo watu hulijua kwa jina la Livingstone, ingawa halikuwa lake. Lilikuwa nyumba ya wafanyabiashara Waarabu, wenye pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1871 Stanley alikaa humo wakati vita kati ya Waarabu wa Tabora na Mirambo vilipowaka. Agosti mwaka huo Mirambo aliingia Tabora, akachoma sehemu ya mji, na huko Kwihara zikatobolewa kuta ili watu wapate pa kupigia bunduki. Njia ya kawaida ya Ujiji ikafungwa na vita, kwa hiyo Stanley akazunguka kusini, akapita Ukonongo, nchi yetu hii. Ndivyo alivyomfikia Livingstone. Mwaka uliofuata wote wawili walirudi Kwihara, na Livingstone akakaa hapo miezi kadhaa akisubiri wapagazi. Oktoba 1873 Chuma na Susi na wenzao walipumzika hapo tena, safari hii wakiwa wameibeba maiti yake kuipeleka pwani.

Tembe lile baadaye liliporomoka, likajengwa upya, na leo ni makumbusho. Mgeni huambiwa habari za Livingstone. Ajabu kwetu ni kwamba kitu kinachohitaji kuelezwa zaidi, yaani tembe lenyewe, hupitwa kwa haraka. Tungependa kulikalia kidogo, maana hoja yetu yote imo humo.

Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo na paa bapa. Juu ya kuta hulazwa magogo, juu ya magogo fito, na juu ya fito nyasi na majani, kisha udongo ulioshindiliwa. Udongo wa kichuguu ndio unaosifiwa, kwa sababu mchwa wameshausaga na kuulowesha kwa mate yao hata ukashikana. Fito hufungwa kwa kamba za magome ya miyombo. Ukuta hukandikwa kwa mikono kwa tope lililochanganywa na samadi au nyasi zilizokatwakatwa, ili lisipasuke likikauka. Hakuna hata kimoja katika vitu hivi kinachopatikana dukani, na hakuna hata kimoja ambacho mtu mmoja anaweza kukifanya peke yake kwa siku moja.

Nyumba hii haivumilii kuachwa. Kila masika maji hutafuna paa, huchora mifereji kwenye kuta, hulainisha ukuta pale chini unapogusana na ardhi. Mwenye nyumba asipopanda juu na karai la udongo baada ya mvua, mwaka wa tatu au wa nne paa litamwangukia. Ndiyo maana gofu la tembe halionekani siku nyingi. Likikosa watu, linarudi kuwa kichuguu.

Sasa huja mtu mwenye haraka na mfuko wa saruji. Anaipenda nyumba ya kale na anataka idumu, kwa hiyo anaupiga lipu ukuta wa udongo. Mwaka wa kwanza unapendeza. Lakini ukuta wa udongo huvuta unyevu kutoka chini, na umezoea kuutoa kwa uso wake, kama ngozi inavyotoa jasho. Ukiuvika saruji, unyevu unakosa pa kutokea. Unakaa ndani, unalainisha udongo nyuma ya uso mgumu, na siku moja lipu inabanduka vipande vikubwa vikubwa, pamoja na ukuta wenyewe. Fundi anayeujua udongo atakwambia: ukuta wa tope utengeneze kwa tope. Nabii Ezekieli alilijua jambo hili kwa namna yake. Katika sura ya 13 anawakaripia manabii wanaotangaza amani pasipo na amani, na mfano anaouchukua ni wa ukuta dhaifu uliopakwa chokaa juu. Mvua inakuja, ukuta unaanguka, na watu wanauliza chokaa iko wapi.

Hapa ndipo tunapofikia tunachokiamini. Tamaa ya saruji ni tamaa ya kumaliza. Vita vimepita, tupake kitu kigumu juu, tusirudi tena. Udongo haumruhusu mtu kumaliza. Na sisi Wakristo tunapaswa kulielewa jambo hilo kuliko wengine, maana ndivyo Kanisa linavyotulea: Ubatizo hupokelewa mara moja, lakini Kitubio hurudiwa maisha yote. Hakuna mwamini anayeambiwa kwamba ameungama mwaka jana, inatosha. Watu waliopigana, au ambao babu zao waliuzana, hawapatanishwi na sherehe moja, hata iwe na askofu na ng'ombe watatu. Hupatanishwa kama tembe linavyotunzwa, baada ya kila mvua, na watu wanaokubali kuchafuka mikono pamoja. Kutengeneza nyumba ya vita kwa ufundi wa kale kuna maana ya kiimani kwa sababu hii hasa, kuliko sababu ya uzuri wake au ya watalii.

Unguja inatukumbusha jambo hilo kwa uchungu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mabomu majumba ya Sultani mbele ya bandari. Vita vile havikufika saa moja, na Wazanzibari wapatao mia tano waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm iliharibika kabisa. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilinusurika, na mwaka 1897 ikaongezewa mnara wa saa kwa mbele. Tarehe 25 Desemba 2020, Noeli yenyewe, mnara huo na sehemu kubwa ya mbele viliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Hatuna la kumlaumu mtu. Tunasema tu kwamba jumba lile lilihesabiwa kuwa limeshatengenezwa miaka zaidi ya mia iliyopita.

Turudi kwa vijana na dawa. Wapo watakaowajibu kwa nabii Hagai, aliyewakemea watu waliokaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao huku nyumba ya Mungu ikiwa magofu. Sisi tungekuwa waangalifu na jibu hilo. Hagai alikuwa akisema na wenye mbao nzuri, siyo na mama anayetembea na mtoto mwenye homa kutoka kijiji cha mbali. Kama uamuzi ni kati ya ukuta na mtoto huyo, ukuta uanguke. Ukuta una subira kuliko malaria. Lakini mara nyingi uamuzi hauwi hivyo. Kama kutengeneza maana yake ni kumleta mkandarasi, saruji ya malori na fedha za wafadhili zitakazorudi zilikotoka, basi vijana wameshinda, tufunge mjadala. Kama maana yake ni kwamba vijana kumi wa Karema watajifunza kwa mafundi wazee, watalipwa, na kesho watajua kujenga na kutunza zahanati yao wenyewe kwa udongo wa kwao, basi ukuta na dawa havigombani tena.

Ila tusiupambe ufundi wa kale kwa maneno matamu. Tofali la kuchoma ni la asili kwetu sasa, na tanuri moja hula magogo mengi ya miyombo. Yeyote anayesafiri kati ya Mpanda na Mishamo anaona misitu ilivyorudi nyuma. Mninga na mkurungu si mali ya kuchezea. Kwa hiyo tunaona kwamba pale ukuta wa kale ulipojengwa kwa tofali bichi, urudishiwe tofali bichi lililokaushwa juani, hata kama la kuchoma linaonekana la heshima zaidi. Na boriti nzima ya zamani isitupwe kwa sababu tu imeingia weusi.

Kuna hatari nyingine, kubwa kuliko ya saruji, nayo ni kuirudisha nyumba hata isionekane kwamba iliwahi kuumia. Mjini Dresden, Ujerumani, kanisa la Frauenkirche lilianguka Februari 1945 baada ya mji kupigwa mabomu na ndege za Waingereza na Wamarekani. Kifusi kiliachwa karibu miaka hamsini. Lilipojengwa upya, likatabarukiwa mwaka 2005, mawe ya kale yaliyopatikana yalirudishwa kutani pamoja na weusi wao, katikati ya mawe mapya meupe, na mtu akisimama nje anayaona kama makovu. Msalaba wa juu ya kuba ulitengenezwa London na fundi ambaye baba yake alikuwa rubani wa ndege za mabomu. Huo ndio ukarabati usiodanganya: jeraha linaonekana, na mtoto wa aliyejeruhi ameleta kazi ya mikono yake.

Kwa Karema na Kwihara kutodanganya kungeanzia kwenye maneno. Mgeni wa Kwihara aambiwe kuwa nyumba iliyompa hifadhi adui mkubwa wa utumwa ilijengwa kwa faida ya utumwa. Mgeni wa Karema aonyeshwe ngome kwanza, ndipo aonyeshwe kaburi la mtakatifu wa moyo wake. Na wapagazi na wafyatuaji matofali wasio na majina watajwe katika sala ya waamini, walau mara moja kwa mwaka. Hilo halihitaji mfadhili.

Wapo kati yetu ambao maneno haya kwao si historia. Katumba na Mishamo zilijengwa na watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Walipewa pori, wakafyeka, wakafyatua tofali, wakaezeka nyasi. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000, wa makazi hayo na ya Ulyankulu, walianza kupokea hati za uraia wa Tanzania. Wazee wao waliacha nyumba ng'ambo, na wengi wa waliorejea wamekuta mtu mwingine anaishi humo, naye amezaa humo, naye pia hana pengine pa kwenda. Nyumba ya namna hiyo haina fundi wa kuirudisha. Ukimwambia mzee wa Mishamo habari za ukarabati wa majengo ya kale atacheka kidogo, kisha atanyamaza. Tunalichukua kimya chake kwa uzito. Kinatuonya kwamba tofali linaweza kurudi mahali pake na mwenye nyumba asirudi, na kwamba kazi yetu ya udongo haina haki ya kujiita ufufuko.

Hata hivyo watu hao hao ndio wenye mikono tunayoitafuta. Walijenga upya kutoka sifuri, bila saruji, wakiwa na kilio. Nehemia, katika sura ya 3 ya kitabu chake, anahesabu waliojenga ukuta wa Yerusalemu: makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, mtu mmoja pamoja na binti zake, kila mmoja na kipande chake, mara nyingi mbele ya nyumba yake mwenyewe. Anawataja pia wakuu wa Tekoa ambao hawakutaka kuinamisha shingo kazini. Na Sanbalati alikuwa akidhihaki, akiuliza kama mawe yaliyoungua yanaweza kutolewa katika marundo ya kifusi yakapata uhai. Katika orodha hiyo ya Nehemia hatuwaoni wataalamu walioletwa kutoka mbali. Tungetamani orodha ya Karema iwe na Mbende, Mfipa, Mpimbwe, Mkonongo, Msukuma aliyehamia juzi na ng'ombe wake, na kijana wa Katumba ambaye bibi yake alifika hapa na sufuria moja.

Kitabu cha Ezra kinasimulia siku msingi wa hekalu ulipowekwa upya. Wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti, na wengine walipiga kelele za furaha, hata watu wasiweze kutofautisha kilio na shangwe. Hakuna aliyewanyamazisha wazee. Tukianza kazi, tujiandae kusikia sauti zote mbili, na padre asiwe na haraka ya kuinua wimbo.

Kuhusu wakati: kwetu mvua huanza Novemba. Udongo hufanyiwa kazi kiangazi, Juni hadi Oktoba, tofali likipata jua na fundi akipata nafasi baada ya mavuno. Mafundi wanaojua kulichagua tope kwa kulionja na kulivingirisha kiganjani ni wachache, na wengi wao sasa hupanda ngazi kwa kushikiliwa. Parokia yoyote yenye kuta za kale inaweza, kiangazi hiki, kumlipa mmoja wao posho ya miezi miwili na kumpa vijana watatu na ukuta mmoja mdogo, labda wa ghala au wa jiko la mapadre. Waanze na kuchimba udongo.